Hatua Elfu Nane kwa Siku

Jumatatu, 3 Machi

Nimevalishwa saa. Naiona kama pingu.

Binti yangu, muuguzi, alikuja jana kutoka mji anakofanya kazi. Akanipima presha mara tatu. Mkono wa kulia, wa kushoto, kisha wa kulia tena, kana kwamba ule wa kwanza ulitoa ushahidi wa uongo. Akatoa kisanduku mkobani. Saa nyeusi ya mpira, haina hata mishale. Inahesabu hatua. Inapima mapigo ya moyo. Akasema inaona na mambo mengine mengi, yote yameelezwa kwenye kijitabu.

Kijitabu nimekiweka chini ya mguu wa meza unaoyumba. Meza imetulia kabisa.

Sasa sharti lenyewe. Binti amepata nafasi ya kusoma zaidi, nchi ya mbali, miaka miwili. Wenzake wengi waliomba wakakosa. Jibu linatakiwa Jumatatu ya tarehe 17. Akasema mbele ya mama yake: Baba akitembea hatua elfu nane kila siku kwa wiki mbili, ataondoka kwa amani. Asipotembea, haendi kokote, anahamia huku kumwangalia.

Mtoto aache masomo kwa sababu ya miguu ya baba yake? Haiwezekani! Nikainua mkono wenye saa, nikaapa.

Hatua za leo: 1,140. Nimeshangaa. Nilidhani nimezunguka dunia.

Jumanne, 4 Machi

Kumbe kuna orodha. Kila jioni programu ya binti inatuma hatua za familia nzima kwenye kundi letu la simu. Wenzangu wanahesabiwa na simu zao mfukoni. Jioni hii ilikuwa hivi.

Shemeji, 14,302. Huyu ni mdogo wa mke wangu, mwalimu wa michezo, huvaa suti ya mazoezi hata msibani. Mke wangu, mshonaji, 6,015. Mama mkwe, miaka sabini na minne na fimbo juu, 3,870. Mimi, 1,322.

Shemeji akatuma picha ya kobe. Mama mkwe akauliza kama kobe ndiye mimi. Hakuna aliyemkatalia.

Jumatano, 5 Machi

Nimejaribu kwa moyo safi. Lazima liandikwe.

Niliamua kuchapa lapa mpaka ofisini. Lakini nilipofika kituoni basi lilisimama mbele yangu, mlango wazi, kondakta ananitazama machoni. Kumpita mtu hivi hivi ni kukosa adabu. Nikapanda.

Masijala, ninakofanya ukarani, iko ghorofa ya nne. Nikaipa lifti mgongo, nikashika ngazi. Ghorofa ya pili nikakaa kidogo kufikiri. Mhasibu akanikuta nimefumba macho, akapiga kelele. Walinzi wawili wakanibeba kwa kiti mpaka dawatini. Nikaitazama saa. Ngazi nilizobebwa haikuzihesabu hata moja. Chombo hakina utu.

Mchana ndipo nikagundua jambo. Ukitikisa mkono, saa inadhani unatembea! Nikautikisa kwenye kikao cha wafanyakazi, kwanza chini ya meza, kisha juu yake. Juu, chini, juu, chini. Hatua mia nane! Sikusikia mkuu wa ofisi anauliza nini. Nilisikia makofi tu.

Mimi ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Afya na Mazoezi. Sijui ilikuwaje.

Alhamisi, 6 Machi

Mkono umevimba. Nimebuni njia nyingine.

Cherehani ya mke wangu ina kanyagio. Kanyagio linakwenda juu na chini. Nikaifunga saa pale kabla hajaanza kushona sare za shule. Robo saa tu, hatua 2,600! Kisha mkanda ukanasa, uzi ukakatika, sindano ikavunjika, na sare ya mtoto wa watu ikapata mfuko mgongoni.

Mke wangu akaniuliza saa yangu inatafuta nini kwenye cherehani yake. Nikamwambia ilikuwa na joto, nimeiweka ipate upepo. Akanikata jicho refu.

Ijumaa, 7 Machi

Nimepata! Nimepata! Nimepata!

Ofisi yetu ina tarishi. Mwanamke wa miaka arobaini na miwili, mrefu, miguu kama ya korongo. Tangu pikipiki ya ofisi ilipokufa anasambaza barua kwa miguu, mji mzima, mvua na jua. Hatua anazo za kumwaga. Hazimsaidii kitu! Zinapotea bure barabarani.

Nikamweleza shida yangu. Asubuhi nimpe saa, saa kumi jioni anirudishie. Akafikiri, akasema sawa, ila nimpangie barua mtaa kwa mtaa kila asubuhi ili asirudie njia. Tukapeana mikono. Ataivaa kifundoni, akasema, mkononi inamsumbua.

Mkononi inamsumbua kufanya nini? Sikuuliza. Kila mtu na mambo yake.

Kesho na keshokutwa ofisi imefungwa. Nimemwambia binti kwamba chaja imepotea. Akaguna, akasema basi tuhesabu wiki moja iliyobaki, kuanzia Jumatatu, na safari hii hakuna visingizio.

Jumatatu, 10 Machi

17,940!

Niandike tena. 17,940! Shemeji, 13,800. Nimekaa kileleni mwa orodha na bakuli langu la karanga. Mama mkwe ametuma sauti ya kumshukuru Mungu, dakika nne nzima. Binti ametuma mioyo saba myekundu. Shemeji hajatuma kitu. Nilikaa macho kodo nikisubiri atume kobe. Wapi!

Jumanne, 11 Machi

18,615. Binti kapiga simu, sauti imejaa furaha. Anasema moyo wangu nikiwa nimetulia umekuwa kama wa kijana wa miaka ishirini na tano. Hajawahi kuona baba wa miaka hamsini na minne akibadilika hivi kwa siku mbili. Nikamwambia ni nia tu, mwanangu. Ukiamua umeamua.

Kisha sauti ikapoa kidogo. Akauliza, kule upande wa pili wa reli kuna nini?

Nikamwambia kuna mji. Nyumba, watu, maduka.

Akauliza, na kwa nini kila siku saa saba mchana moyo unapanda mpaka mia moja na hamsini, unabaki huko huko saa nzima?

Nikamwambia ni mambo ya ukubwani, asijali. Nilimaanisha umri. Akasema nimpe simu mama. Wakaongea chumbani, mlango umefungwa. Sijui walikuwa wanaongea nini. Nadhani wananiandalia zawadi.

Jumatano, 12 Machi

Mke wangu anaumwa, au kuna mtu kafa na sijaambiwa.

Amenitengea chakula bila neno. Nikamsalimia, akaisalimia cherehani. Nikamsifu gauni, akasema asante, kwa hiyo bado unaona magauni ya humu ndani. Gauni linaonekana, niseme sioni? Nikasema nayaona yote. Akacheka kicheko ambacho hakikuwa na furaha hata chembe.

Baadaye, akikata kitambaa, akauliza bila kunitazama:

"Mlango wake ni mwekundu?"

"Mlango wa nani?"

"Sawa," akasema. Mkasi ukapita kwenye kitambaa, kwaaa.

Nimezunguka nyumba yote. Milango yetu ni ya kahawia. Labda anataka tupake rangi.

Hatua 19,002. Hakuna aliyenipongeza. Hata mama mkwe.

Alhamisi, 13 Machi

Shemeji alinisubiri langoni nilipotoka kazini. Akanishika bega, jambo ambalo hajalifanya tangu harusi. Akasema tuzungumze kama wanaume. Akasema anajua. Wote wanajua.

Nikajua nimeumbuka. Saa! Wamegundua saa!

Nikapiga moyo konde. Nikamwambia ni kweli, nimekosa, lakini sikumlazimisha mtu. Mwanamke mwenyewe alikubali kwa hiari yake, tukapeana mikono. Shemeji akaniuliza ni nani. Nikamwambia wa pale pale ofisini. Akauliza tangu lini. Nikasema wiki hii tu, na ikifika Jumatatu namaliza, simhitaji tena.

Shemeji akatoa macho. Akauliza, na huyo mwanamke anapata nini kwangu? Nikamwambia hapati chochote zaidi ya kupangiwa barua. Nikaongeza kwamba mimi nimechoka, umri umekwenda, nisingeweza mwenyewe, na yeye ana nguvu za ajabu.

Shemeji akaketi kwenye ukingo wa barabara. Na suti yake nyeupe!

Nikamwomba asimwambie dada yake, na binti asijue mpaka apande ndege. Akasema binti ndiye aliyegundua. Akasema aibu yangu haina mfano. Akaondoka anatikisa kichwa.

Mtu gani huyu? Hasira zote hizo kwa ajili ya orodha! Ameshindwa kukubali nafasi ya pili.

Ijumaa, 14 Machi

Naandika yote.

Saa sita mchana binti alinipigia simu. Amechukua likizo, yuko kwenye basi, anakaribia kuingia mjini. Akauliza saa saba nitakuwa wapi. Nikamwambia ofisini, kama kawaida. Akasema, "Haya, Baba," taratibu sana, kama mtu anayefunga kidonda.

Anakuja ofisini! Atataka kuuona mkono wangu! Na saa iko kifundoni mwa Tarishi, barabarani, Mungu ndiye anayejua wapi!

Nikamuuliza mlinzi. Akasema saa saba Tarishi hapatikani kokote ila upande wa pili wa reli, kwenye nyumba ya mlango mwekundu.

Mlango mwekundu. Nilikuwa nimesikia wapi habari za mlango mwekundu? Sikuwa na nafasi ya kukumbuka.

Lifti ilikuwa mbovu. Nikashuka ngazi zote. Kituoni hakuna basi. Nikaanza kutembea, kisha kutembea kukageuka, nikajikuta nakimbia! Mimi! Tai begani, kiatu kimoja kimefunguka, wanafunzi wananishangilia. Nikavuka reli. Nikauona mlango. Mwekundu kama pilipili.

Ndani ni saluni ya wanawake. Watano wamekaa chini ya mashine za kukaushia nywele, wote wakanigeukia pamoja. Pumzi hakuna. Nikachora angani mtu mrefu. Mmoja akaonyesha mlango wa nyuma.

Nyuma kuna ukumbi. Mifuko ya mchanga inaning'inia kwa minyororo. Na Tarishi wetu, kaptula na glavu, anaupiga mfuko mmoja kana kwamba umemtukania mama! Kumbe ni mwanandondi. Ana pambano lake la kwanza mwezi ujao, na ofisini hajamwambia mtu asije akaonekana mhuni. Saa nzima ya chakula cha mchana, kila siku, anapiga mfuko.

Nikamwambia saa, saa, saa. Akadhani namuuliza saa ngapi. Nikamwonyesha kifundoni. Akasema glavu zimefungwa kamba, niivue mwenyewe. Akainua mguu, akauweka kwenye benchi. Nikapiga magoti, nikaushika mguu kwa mkono mmoja, mwingine unahangaika na kifungo.

Mlango ukafunguka.

Mke wangu. Binti yangu. Shemeji. Mama mkwe, fimbo juu. Nyuma yao wale wanawake watano wa saluni, nywele hazijakauka.

Nimewahi kuota ndoto mbaya. Hii ilikuwa na watu wengi zaidi.

"Simama," mke wangu akasema. "Simama nikuone vizuri."

Tarishi ndiye aliyenivuta juu kwa glavu moja, kisha akawatazama wageni, akatabasamu.

"Wewe ndiye mke wa Karani? Karibu, dada. Saa yenu hii nimeivaa wiki nzima, imenitoa malengelenge. Na mwambie aache kunichanganyia barua za mtaa wa juu na za chini."

Nilisikia mnyororo wa mfuko ukilia kwik, kwik. Binti akauliza, saa ameivaa nani? Tarishi akasema yeye, Jumatatu mpaka leo, walikubaliana na mzee, hatua kwa barua. Akaeleza yote bila wasiwasi, maana yeye hakuwa na la kuficha. Kumbe saa ile huonyesha na mahali mtu alipo, kwenye ramani, nyumba kwa nyumba, pamoja na picha ya mlango! Kwa nini sikuambiwa?

Mke wangu akaketi kwenye benchi. Akacheka. Akacheka mpaka machozi, kisha machozi yakabaki na kicheko kikaondoka. Akasema siku tatu hajalala. Siku tatu ameshona mikono ya mashati kwenye suruali. Nilitaka kumgusa bega. Nikaogopa. Nikagusa benchi.

Binti hakucheka. Alinisogelea, akanishika kifundo cha mkono, vidole viwili, macho kwenye saa yake mwenyewe. Niliona midomo yake ikihesabu.

"Mia moja na arobaini na nane," akasema. "Huu ndio wako, Baba. Wiki nzima nimefurahia moyo wa mtu mwingine."

Nikamwambia nilitaka aende. Ni hilo tu, mwanangu, nilitaka uende.

"Najua," akasema. "Ndiyo shida yenyewe."

Tukarudi nyumbani kwa miguu, sote watano. Hatua nilizokimbia mpaka pale, hatua zangu za kweli, hazikuhesabiwa popote. Nilimuuliza Shemeji kama kuna namna ya kuziingiza kwenye orodha. Akavuka barabara, akatembea upande wa pili.

Jumapili, 16 Machi

Binti alikuwa ameandika barua ya kuikataa nafasi. Niliiona mezani. Mistari mitatu, adabu tupu. Nilitaka kuificha, mke wangu akaniwahi.

Akaisoma amesimama. Akaikunja mara mbili, akaitia kwenye kikopo cha vifungo, akafunika kifuniko.

"Utabaki hapa umlinde mpaka lini?" akamuuliza. "Huyu atakudanganya hata ukilala chumba cha pili. Nenda kasome, mama. Ni mume wangu. Miguu yake nitaikokota mimi."

Binti akasema anaogopa kupigiwa simu akiwa mbali, aambiwe Baba ameanguka. Alilisema hilo akitazama mikono yake. Ana mikono kama ya marehemu mama yangu. Sikuwa nimewahi kuona.

Nikanywa maji. Yakanipalia.

Mke wangu akamwambia simu kama hiyo hata wa chumba cha pili huipokea. Akasema kesho alfajiri tunaanza, yeye na mimi, mpaka daraja la pili na kurudi. Mama mkwe akasema naye atakuja, lakini nisimcheleweshe.

Jumatatu, 17 Machi

Amejibu. Anakwenda! Nimelia kidogo jikoni, nikasingizia vitunguu. Havikuwapo.

Hatua 5,210, za kwangu mwenyewe, mke wangu amenishika mkono wa shati njia nzima kama mtu anayepeleka mwizi kituoni. Nilipotaka kukaa kwenye jiwe, akakaa na yeye. Akasema ule mfuko wa mchanga angependa kuupiga siku moja. Nikauliza kwa nini. Akanitazama. Tukainuka.

Mbele yetu, fimbo ya mama mkwe ilikuwa inapotea kwenye kona.

Jumanne, 8 Aprili

Binti ameondoka siku tano sasa. Amefika salama, chumba chake kina dirisha. Presha yangu imeshuka kidogo, amesema daktari. Kila alfajiri mke wangu ananikokota. Hatua 6,000 na zaidi. Sina hila yoyote hapo, nimefikiri sana na sijaipata.

Jambo jipya ni mboga. Binti anataka kila mchana nimtumie picha ya sahani yangu. Majani mabichi, karoti, tunda. Nile, nipige picha, nitume. Kila siku! Kwa miaka miwili!

Nimekaa nimefikiri. Picha haina ramani, wala haina moyo. Picha ni picha.

Leo nikaiweka sahani moja ya mboga kwenye dawati. Nikaipiga picha. Nikaigeuza, nikapiga. Nikabadilisha kijiko. Nikaweka kitambaa cha Mhasibu chini. Nikahamisha karoti kushoto, kisha kulia, kisha nikaificha kabisa. Nikafungua dirisha mwanga ubadilike. Picha ishirini na nne! Zinatosha mpaka mwezi ujao. Kisha nikabadilishana na Mhasibu, yeye akachukua mboga, mimi nikachukua viazi vyake vya kukaanga. Nimekula kwa amani kamili.

Saa nane nikafungua simu nitume ya leo. Nikabonyeza. Simu ikafikiri. Ikatetemeka. Ikaanza kutuma. Ikatuma nyingine. Na nyingine. Nikabonyeza pa kusimamisha, ikaongeza mwendo.

Zimekwenda. Zote. Ishirini na nne, moja nyuma ya nyingine.

Binti ameona. Anaandika. Ameacha kuandika. Anaandika tena.

Nimemuwahi. Nimemwambia leo nilikuwa na njaa sana.